CHETI KIKIVUKA MAJI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafanya kazi wa Lamu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kwanza twaomba radhi, kwa maana sisi tuliotumwa kusema nanyi ni watu wa reli, na kisiwa hiki hakina hata taruma moja. Tangu Machi 2012, walipokuja hapa Rais wa Kenya na Rais wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu wa Ethiopia kuanzisha kazi ya bandari, reli ya kutoka Lamu kwenda Isiolo imo katika ramani. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Reli bado imo katika ramani. Jana pale gatini Mokowe mzee mmoja alituuliza tumekuja kuendesha nini, nasi tukamjibu kwamba tumekuja kuendesha mdomo.

Jambo tulilopewa kulisema ni hili: mfanya kazi mwenye leseni ya kazi yake akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine, leseni ile yahama naye, au yabaki nyuma?

Tutaanza na habari ya mwenzetu mmoja, naye ametupa ruhusa kuisema bila kulitaja jina lake. Ni mtu wa Faza. Aliendesha mashua za abiria miaka tisa, akitoka Faza kwenda Mokowe kwa njia ya Mkanda, na leseni yake alikuwa nayo, imelipiwa vizuri. Ninyi mwaujua Mkanda kuliko sisi. Maji yakitoka, mashua hukaa juu ya tope katikati ya mikoko, na abiria hungoja mpaka maji yarudi, na maneno wanayomwambia nahodha hayafai kupigwa chapa. Mtu huyu alikwama mara mbili tu katika miaka tisa, naye mara hizo mbili azikumbuka kama mtu akumbukavyo misiba.

Akapata kazi nchi ya jirani, katika kampuni moja ya kuchukua watalii kwa mashua. Mshahara aliotajiwa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa hapa. Alipofika akatoa leseni yake. Wakaitazama mbele na nyuma, wakamwambia, "Hii ni ya kwenu." Akaambiwa alete vitu vitatu. Cha kwanza, barua kutoka ofisi iliyompa leseni, ya kusema kwamba jina lake limo katika daftari na hakupata kuadhibiwa. Na barua hiyo itoke ofisi hata ofisi, isipitie mkononi mwake. Cha pili, ushahidi wa siku alizofanya kazi majini, aina ya mashua na nguvu ya mashini, umetiwa sahihi na waajiri wake. Cha tatu, cheti cha daktari.

Cheti cha daktari alikipata siku ile ile. Barua ya ofisi ilichukua miezi mitano. Lakini ushahidi wa waajiri ndio uliomvunja moyo. Mwenye mashua wa kwanza alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe wameziuza mashua. Wa pili alikuwa amefunga kazi na kuhama, na simu yake haikupokelewa. Basi mwenzetu alikaa mwaka mmoja na miezi miwili akitupa kamba na kuosha sitaha kwa mshahara wa baharia wa chini, akiwa chini ya nahodha kijana aliyekuwa akimwuliza yeye namna ya kuingia bandarini usiku.

Aliyemwokoa ni mjane wa yule mwenye mashua wa kwanza. Mama yule hakutupa kitu. Ndani ya kasha mlikuwa na madaftari ya mafuta: tarehe, safari, lita ngapi, na jina la aliyeyachukua. Mama akaapa mbele ya wakili kwamba madaftari yale ni ya marehemu mumewe, siku zikahesabiwa moja moja, na katika ile miaka tisa ikapatikana minne na kitu. Iliyobaki, aliyoifanya kwa mwajiri wa pili, imekwenda na maji. Leo ana leseni ya kule, lakini ya daraja la chini kuliko ile aliyostahili, na mshahara ni wa daraja hilo.

Tuliposikia habari hii tuliona haya, kwa sababu mwenzetu alikuwa mwanachama muda wote ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia achukue barua wakati mwenye mashua alipokuwa hai.

Sasa, watu huchanganya karatasi tatu, na wengi wameumia kwa kuzichanganya. Ya kwanza ni cheti. Hiki chasema kwamba ulifundishwa na ukafaulu, nacho ni chako mpaka kaburini. Ya pili ni leseni. Hii yasema kwamba wenye mamlaka ya mahali fulani wamekuruhusu kuifanya kazi ile kwa watu wa mahali pale. Yaweza kwisha muda, yaweza kunyang'anywa, na nguvu zake hukoma mpakani. Ya tatu ni kibali cha kazi, nacho chatoka kwa watu wa Uhamiaji, na chasema tu kwamba mgeni huyu aruhusiwa kuajiriwa. Kibali hakimpi mtu leseni, wala leseni haimpi mtu kibali. Tumewaona watu waliokwenda na kibali mkononi wakidhani mambo yamekwisha.

Hatukuja kuwaambia kwamba leseni ni hila ya serikali za kuwasumbua wafanya kazi. Sisi wa reli twajua. Dereva wa garimoshi hawezi kupewa treni katika njia asiyoijua, hata awe hodari namna gani. Sharti kwanza aijue njia: mteremko uko wapi, ishara iko upande gani, mahali gani breki zishikwe mapema. Reli mpya ya Kenya, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Mombasa hata Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435 na hutumia dizeli. Ile ya Tanzania iliyoanza kazi mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam ina upana ule ule lakini hutumia umeme. Mtu atokaye katika moja kwenda katika nyingine ana jambo la kujifunza, na abiria wana haki ya kutaka ajifunze kwanza. Kadhalika nahodha wa Mkanda akienda kwenye miamba asiyoijua. Kuulizwa "je, waijua njia yetu?" ni haki. Kudaiwa sahihi ya mtu aliyekufa ndiko kunakotukasirisha.

Wazee wa reli walituhadithia kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na reli ya Tanganyika, pamoja na bandari, zikawa shirika moja. Mtu aliyepasi mtihani wake Nairobi aliweza kupelekwa Tabora au Kampala, na karatasi zake zikamfuata katika bahasha ya ofisi. Mpaka aliuvuka akiwa amelala ndani ya behewa. Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa asali. Mishahara ilikwenda kwa rangi ya ngozi, na haikubadilika bila ya wafanya kazi kusimama imara. Lakini ujuzi wa mtu ulihesabiwa mamoja katika nchi zote tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Shirika likagawanywa kama nyumba ya marehemu, kila nchi ikachukua vichwa vya treni na mabehewa. Watu nao wakarudi makwao na mabegi yao. Mfanya kazi aliyeandikiwa kazi Nairobi, akafanya kazi Moshi, akastaafu Tanga, angeomba ushahidi wa miaka yake kwa nani? Madai ya wafanya kazi wa Jumuiya ile ya zamani yalikaa mahakamani huko Tanzania miaka mingi, na wengine walikufa kabla hayajakwisha. Kumbe hata shirika kubwa kama lile laweza kufa kama alivyokufa mwenye mashua wa Faza. Ofisi ikiwa imesimama, ndiyo saa ya kuomba karatasi.

Jumuiya mpya ilitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Kifungu cha 10 chatoa uhuru wa wafanya kazi kwenda kufanya kazi katika nchi za Jumuiya. Kifungu cha 11 chasema kwamba nchi hizi zitakubali vyeti na sifa za elimu na za kazi zilizotolewa na wenzao. Maneno mazuri sana. Lakini kukubaliana kwenyewe hufanywa fani baada ya fani, na mabaraza ya fani hizo ndiyo hukaa mezani. Wahasibu na wasanifu wa majengo walitia sahihi mapatano yao mwaka 2011, na mainjinia mwaka 2012. Waganga wa mifugo wakafuata baadaye. Mwaona ni watu gani? Ni watu wenye mabaraza yenye nguvu, wenye ofisi na makarani, wanaoweza kukaa hotelini Arusha wiki nzima wakibishana juu ya neno moja. Katika hati hizo tulizozitaja hamna dereva wa garimoshi, wala nahodha wa mashua, wala fundi wa kuchomelea vyuma. Sisi hatuna baraza. Tuna chama hiki.

Wala msidhani kwamba mpaka ni ule wa nchi na nchi peke yake. Tazameni jirani zetu wa Tanzania, ambao wana bendera moja na rais mmoja. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo wauguzi wa Bara wana baraza lao na wa Zanzibar wana lao. Mawakili vile vile: chama cha mawakili wa Bara mpaka leo chaitwa cha Tanganyika, na Zanzibar wana chama chao wenyewe. Binti wa Pate akiolewa Unguja naye ni muuguzi, asiwaulize watu wa Dar es Salaam habari za leseni. Aulize Unguja.

Na huko Marekani, waliko baadhi ya vijana wa pwani hii, mambo yamegawanyika zaidi. Kuna kazi moja wanayoithamini sana, ya mtu aliyesomea kuwasaidia watu wenye misiba ya moyo na ya nyumba: waliopatwa na wazimu, waliopigwa, walevi wanaotaka kuacha. Si daktari wala si mshauri wa barazani, ni mfanya kazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutibu kwa mazungumzo. Leseni hiyo hutolewa na jimbo, na majimbo ni 50. Mtu afanyaye kazi jimbo moja miaka kumi, mumewe akihamishwa jimbo la pili, sharti aombe upya: shahada yake itumwe na chuo, matokeo ya mtihani yatumwe na watahini, saa alizofanya kazi chini ya msimamizi zithibitishwe, na baraza la jimbo la kwanza liandike kwamba hana kosa. Saa zile ni maelfu, na majimbo hayataki hesabu moja. Kama msimamizi wake alikufa au hakutunza hesabu, yamfika yale yale yaliyomfika mtu wa Faza. Nao ni nchi tajiri yenye makarani wengi! Ndipo majimbo yakaanza kutunga mapatano kwamba leseni ya mmoja itambuliwe na wengine walioingia, na mwaka 2024 yalitimia majimbo saba, hesabu iliyotakiwa ili mapatano hayo yapate nguvu ya sheria. Hata baada ya hapo kuna kazi ya kuunda ofisi na daftari la pamoja kabla mtu hajapewa karatasi mkononi.

Mabaharia wa meli kubwa ndio waliotutangulia sote. Kuna Mkataba wa mwaka 1978 juu ya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, ulioanza kutumika mwaka 1984, ukatengenezwa upya 1995 na tena 2010. Kwa mkataba huo, ofisa mwenye cheti cha nchi moja akiingia katika meli yenye bendera ya nchi nyingine, nchi ya bendera ile hukichunguza cheti na kumpa hati ya kukikubali. Wakati maombi yake yanangojewa aweza kuruhusiwa kufanya kazi kwa muda usiozidi miezi mitatu, mradi awe na ushahidi kwamba ameomba. Hebu fikirini mtu wa Faza angepewa ile miezi mitatu! Vyeti vya maofisa hufanywa vipya kila miaka mitano. Kenya iliingizwa katika orodha ya nchi zinazoaminiwa kwa vyeti hivyo mwaka 2010, na tangu hapo kijana wa Kenya aweza kupeleka cheti chake mbele ya mwenye meli wa ng'ambo bila kuinamisha kichwa.

Lakini sikilizeni neno moja la mkataba ule, maana lawahusu ninyi kuliko watu wote. Wasema kwamba hauhusu manowari, wala mashua za uvuvi, wala meli za anasa zisizofanya biashara, wala meli za mbao zilizoundwa kwa namna ya kale. Hizo za mwisho ni majahazi. Maana yake, mzee wa Matondoni aliyeunda majahazi, na nahodha aliyeyapeleka na kusi na kuyarudisha na kaskazi miaka arobaini bila kupoteza mtu, mbele ya mkataba huu ni kama hawakupata kugusa maji. Mjukuu aliyekaa darasani na kumaliza mafunzo ya kuogelea, kuzima moto na huduma ya kwanza ana karatasi ya kuanzia. Babu hana. Hatusemi kwamba darasa halina maana; kuzima moto ndani ya meli ya mafuta hakufundishwi na jahazi. Twasema kwamba siku za babu hazikuandikwa mahali popote, basi hata akitaka kufanya mtihani leo hana cha kuonyesha ila mikono yake.

Kwa mafundi wa nchi kavu kuna mlango. Majaribio ya ufundi ya Serikali, daraja la 3, la 2 na la 1, yapo, na fundi aliyejifunza kwa kutazama aweza kuyafanya. Tena kuna sheria ya mwaka 2014 iliyounda mamlaka ya kuvipima vyeti na ujuzi wote katika ngazi moja ya taifa, na katika mambo yake mmo kuutambua ujuzi mtu alioupata kazini. Wenye kuchomelea, kutengeneza mashini za mashua na kuvuta umeme wafanye majaribio hayo kabla hawajafikiria safari. Karatasi ya Serikali yasomeka Dar es Salaam na Muscat. Sifa za mtaani hazisomeki hata Malindi.

Tuguse kidogo habari ya wauguzi, maana dada wawili wametuuliza mlangoni. Humu Kenya leseni ya muuguzi ni moja kwa kaunti zote 47. Mwenye leseni akifanya kazi Lamu au Kisumu ni mamoja. Lakini tangu 2013 kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi wengi, basi leseni husafiri bure na kazi haisafiri. Anayetaka kuhama sharti kaunti aliyomo imwachilie na kaunti aendayo impokee. Hilo ni jambo la mapatano ya kazi, si la leseni, na dawa yake haiko katika baraza la wauguzi. Dada wale walikuwa wameliandikia baraza mara tatu.

Sasa tufike pale palipotuleta. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema kwamba mtu akiacha kazi au akiachishwa, mwajiri sharti ampe cheti cha utumishi, ikiwa alifanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi. Ndani yake sharti yawemo jina la mwajiri na anwani, jina la mfanya kazi, siku aliyoanza na siku aliyoacha, na kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia. Mwajiri akikataa amevunja sheria, naye aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Si hisani. Ni haki yako hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Wazee wakumbukao habari za kipande watacheka. Zamani zile karatasi ya utumishi ilivikwa shingoni mwa mtu kwa nguvu, na mwajiri aliyekataa kuitia sahihi aliweza kumzuia mtu asipate kazi kwingine. Leo karatasi ni ya mfanya kazi mwenyewe, na wengi wetu hatuiombi!

Lakini cheti hicho cha kifungu cha 51 hakitoshi kwa leseni. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika jinsi ulivyofanya kazi, wala siku ulizokuwa majini, wala mashini ya nguvu gani. Na hayo ndiyo yanayoulizwa ng'ambo. Kwa hiyo kamati imeandika ombi, nalo litaletwa kwenu mlipigie kura: kwamba katika mapatano yajayo na waajiri wa mashua, na wa gatini, na wa karakana, pawepo sharti la kila mfanya kazi mwenye leseni kupewa mara moja kila mwaka hesabu ya siku zake na aina ya chombo, imetiwa sahihi na muhuri. Kila mwaka, wakati mwajiri yu hai, wala si siku ya kuachana. Waajiri wawili tuliosema nao walinung'unika kwamba ni kazi ya karani. Tuliwajibu kwamba mama mmoja wa Faza aliifanya kazi hiyo kwa kalamu ya risasi, bila mshahara.

Kabla kura haijapigwa, kila mtu na afanye lililo mkononi mwake. Asiiache leseni ya nyumbani ikafa kwa sababu amepata kazi ng'ambo, maana baraza la kule huuliza la hapa, na jina lililofutwa halina majibu mazuri. Aombe barua ya baraza mapema, miezi kadhaa kabla ya safari. Awaandikie mwenyewe wenye mamlaka ya kule aendako awaulize wanataka nini, asitegemee maneno ya dalali. Tumewaona madalali wanaouza "leseni ya kubadilishwa" kwa bei ya ng'ombe; leseni hainunuliwi namna hiyo, na aliyekamatwa nayo hapati tena ya halali kwa urahisi. Na wenye mashua ndogo wasio na karani, nahodha aweke daftari lake mwenyewe: tarehe, safari, abiria wangapi, na sahihi ya mwenye chombo kila mwisho wa mwezi.

Kesho baada ya sala ya alasiri tutakuwa katika chumba cha chama na mashini ya kunakili. Mwenye cheti, leseni au barua ya zamani ailete. Tutatoa nakala mbili, moja yake na moja ya sanduku la chama. Watu wa Kizingitini na Ndau wasiojaliwa kuja kesho, katibu atapanda mashua ya Jumamosi, maji yakikubali.